Grafu Yangu Ilidanganya na Kompyuta Ikanyamaza

Wasee, kuna grafu niliposti mwezi uliopita na mkaisheya kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka hapa. Ilionyesha Wakenya wameongezeka kwa kiasi gani kutoka sensa moja hadi nyingine. Rangi safi, nguzo zimesimama vizuri, na kwa kona nimeandika jina langu kama msanii. Ilikuwa na kosa moja tu: kila nguzo ilikuwa imesimama mahali pa jirani yake.

Leo tuongee kuhusu hilo kosa. Nililifanya kwa meza ya mamangu hapa Olympic, saa saba usiku, bando ikikaribia kuisha. Lakini lina historia ndefu kuliko umri wangu, na ukishalijua utaanza kuliona hata kwa zile namba ambazo watu hupenda kutaja wakiongea kuhusu Kibera.

Foleni ya mitungi

Tuanze na data. Tangu 1948 Kenya imefanya sensa nane: 1948, 1962, 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Ukihesabu kwa mamilioni, tulikuwa 5.4, 8.6, 10.9, 15.3, 21.4, 28.7, 38.6, kisha 47.6. Nilizipanga namba hizo kwa orodha moja ndani ya skripti ya Python nikaiita watu. Miaka nikaiweka kwa orodha nyingine, nikaiita miaka.

Ndani ya orodha, kila kitu kina namba ya mahali pake. Hiyo namba ndiyo indeksi. Na Python huanza kuhesabu na sifuri. Kwa hivyo watu[0] ni sensa ya 1948, na watu[7] ni ya 2019. Vitu ni vinane, lakini watu[8] haipo.

Kama hiyo sifuri inakukera, fikiria foleni ya mitungi pale kwa maji. Mtungi wa mbele kabisa una mitungi mingapi mbele yake? Sifuri. Wa pili una mmoja. Wa nane una saba. Indeksi haikuulizi wewe ni wa ngapi. Inakuuliza kuna wangapi mbele yako. Nilikaa chuo hadi nikaacha na hii kitu haikuwahi kuniingia. Iliniingia siku nimesimama kwa foleni na mtungi wa lita 20, maji yakienda na kurudi.

Sasa, nilitaka ongezeko, yaani sensa hii toa iliyoitangulia. Nikaambia skripti ipite kwa kila indeksi kutoka 0 hadi 7, ichukue watu[i+1] itoe watu[i]. Ikatembea poa mpaka mwisho. Ilipofika 7 ikaenda kutafuta watu[8], na foleni ilikuwa imeisha. Skrini ikanitupia hii: IndexError: list index out of range. Yaani, boss, hiyo namba umeitisha iko nje ya orodha.

Nilikasirika sana. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri ya usiku wote.

Nani aliamua tuanze na sifuri?

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Fortran, lugha iliyotoka IBM mwaka 1957 chini ya John Backus, ilihesabu kuanzia moja. Na inaeleweka. Iliandikiwa wanasayansi na mainjinia, na kwa vitabu vyao vya hesabu safu ya kwanza ni safu ya kwanza.

Sifuri ilipata nguvu kupitia njia nyingine. Mwaka 1967 Martin Richards wa Cambridge alitengeneza BCPL, lugha iliyokaa karibu sana na kumbukumbu ya mashine. Kwake orodha ilikuwa anwani tu: hapa ndipo vitu vinaanzia. Ukitaka kitu fulani, unachukua anwani ya mwanzo na kuongeza hatua. Kitu cha kwanza kiko hatua sifuri kutoka mwanzo. Ni ile foleni yetu ya mitungi. BCPL ikazaa B, na B ikazaa C kwa mikono ya Dennis Ritchie pale Bell Labs miaka ya mwanzo ya 1970. C ndiyo ilisambaza sifuri duniani.

Kisha tarehe 11 Agosti 1982, Mholanzi Edsger Dijkstra akaandika karatasi fupi kwa mkono kutetea sifuri. Hoja yake ilihusu mipaka zaidi. Alisema njia safi ya kutaja kipande cha namba ni "kuanzia hii, kabla ya ile". Mwenye nyumba wako anaijua hiyo hesabu hata kama hajawahi kusikia jina la Dijkstra: kodi ya mwezi huu inaanza tarehe 1 na inaisha kabla ya tarehe 1 ya mwezi ujao. Hakuna siku inayolipiwa mara mbili, na hakuna siku ya bure. Ukifuata mtindo huo, orodha ya vitu nane inakuwa "kuanzia 0, kabla ya 8", na ukitoa 0 kwa 8 unapata idadi kamili bila kuongeza wala kupunguza moja.

Guido van Rossum alipotoa Python mwaka 1991, alichukua sifuri na huo mtindo wa "kabla ya". Baadaye alieleza kwamba uzuri wa kukata orodha kwa mtindo huo ndio uliomvuta.

Lakini vita havikuisha. MATLAB, aliyoianzisha Cleve Moler mwishoni mwa miaka ya 1970, huhesabu kuanzia moja. R pia. Na sasa hapa ndipo mambo yanachanganyika. Maktaba niliyotumia kuchora grafu inaitwa matplotlib. Ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa ubongo aliyetaka kuona kwa macho data za umeme wa ubongo za wagonjwa wa kifafa. Aliitoa mwaka 2003, na alifariki 2012. Hunter alikuwa amezoea MATLAB, kwa hivyo akaiga mtindo wake ndani ya Python. Matokeo yake? Ndani ya skripti moja, orodha yangu inaanza na 0, lakini nikitaka kuweka grafu kadhaa kwa ukurasa mmoja kwa kutumia subplot, ya kwanza ni namba 1. Ukiipa 0 inakataa. Makabila mawili ya kuhesabu yanaishi ploti moja.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kabila la tatu. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Tunaanza kuhesabu Ijumaa ikishapita. Uliza Python hiyo Jumatatu ni siku ya ngapi, itakwambia 0. Uliza JavaScript, itakwambia 1, kwa sababu kwake sifuri ni Jumapili. Siku ni moja, na majibu ni matatu: 3, 0 na 1. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alianzia mahali pake. Kosa linaanza pale unapochukua jibu la mmoja na kulisoma kwa kipimo cha mwingine.

Kosa linalonyamaza

Turudi kwa meza ya mamangu. Baada ya ile IndexError, nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikagusa gusa mpaka kelele iishe. Badala ya watu[i+1] toa watu[i], nikageuza ikawa watu[i] toa watu[i-1]. Skripti ikapita bila kulalamika. Nikafungua grafu, na nguzo ya 1948 ilikuwa imetumbukia chini kama choo cha shimo: hasi 42.2. Yaani mwaka 1948 Kenya ilipoteza watu milioni 42, ilhali nchi nzima ilikuwa na milioni 5.4.

Maelezo ni haya. Indeksi ilipokuwa 0, skripti ilitafuta watu[-1]. Kwa Python, hasi moja si kosa. Maana yake ni "kitu cha mwisho kwenye orodha". Kwa hivyo ilichukua 5.4 ya 1948 ikatoa 47.6 ya 2019. Mtu wa kwanza kwa foleni aligeuka nyuma kuangalia nani yuko mbele yake, akamwona wa mwisho. Kompyuta ikaona sawa tu.

Hiyo niliiona kwa sababu ilikuwa upuzi wa wazi. Nikatupa ile nguzo mbaya, nikabaki na saba. Hapo matplotlib ikakataa: una nguzo saba na lebo nane, hazilingani. Na mimi, saa saba usiku, nikakata lebo moja. Nikakata ya mwisho.

Wacha niseme tena polepole. Nilitupa nguzo ya kwanza, halafu nikakata lebo ya mwisho. Kila kitu kikasonga hatua moja. Ongezeko la milioni 9.9 lililopatikana kati ya 1999 na 2009 likakaa chini ya 1999. Lile la milioni 9.0, la kufikia 2019, likakaa chini ya 2009. Skrini ilikuwa kimya na grafu ilikuwa inapendeza. Nikaandika kwa kujiamini kwamba muongo ulioishia 2009 ndio ongezeko lilianza kushuka. Mkaingia kwa komenti mkibishana kuhusu enzi ya Kibaki, wengine na hoja kali sana. Ukweli ni kwamba katika sensa zote nane, huo ndio muongo ulioongeza watu wengi zaidi. Mlikuwa mnaeleza sababu za kitu ambacho hakikutokea, na mimi ndiye niliwapa.

Aliyeligundua ni mamangu. Hajui Python. Lakini mwaka 2009 alikuwa karani wa sensa, akitembea mlango kwa mlango. Aliangalia simu yangu kidogo tu akauliza, "Hapa 1948 umeandika watu wameongezeka milioni 3.2. Wameongezeka kutoka sensa gani?"

Nikanyamaza. Kwa orodha yangu hakukuwa na sensa kabla ya 1948. Nguzo ya kwanza haikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Swali moja, kwa mwisho mmoja wa grafu, na grafu yote ikaanguka.

Kelele zina bei

Baada ya hapo nikaanza kuiheshimu ile IndexError. Kuna mtu alilazimika kuamua kwamba kompyuta ipige kelele, kwa sababu kukagua kila indeksi kunachukua muda wa mashine.

Mwingereza Tony Hoare alisimulia hii mwaka 1980 akipokea tuzo ya Turing. Miaka ya 1960, yeye na wenzake kwa kampuni ya Elliott walitengeneza ALGOL 60 iliyokagua kila indeksi kila wakati programu ikikimbia. Baadaye wakauliza wateja kama wangependa ukaguzi uzimwe ili programu ziende kasi zaidi. Wateja wakakataa. Walikuwa tayari wameona makosa hayo hutokea mara ngapi. Hoare alisikitika kwamba hata kufikia 1980 watengenezaji wa lugha hawakuwa wamejifunza.

C ilichagua kasi. Ukiitisha kitu cha nje ya orodha, C inaweza kukupa tu chochote kilichokaa hapo jirani kwenye kumbukumbu. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia programu iliyosambaa kwa intaneti ya wakati huo. Mojawapo ya milango aliyotumia ilikuwa programu iliyotenga nafasi ya herufi 512 bila kuangalia kama aliyeandika amepita hapo.

Ukidhani hayo ni ya zamani, kumbuka 19 Julai 2024. Programu ya usalama ya CrowdStrike ilipata faili mpya, na kompyuta za Windows karibu milioni 8.5 zikaanguka duniani. Ndege zikakwama, hospitali na benki zikasimama. Ripoti ya kampuni yenyewe ilieleza kiini: upande mmoja ulitarajia sehemu 21, upande wa pili ulileta 20. Programu ikaenda kusoma ya 21, na haikuwepo. Ni watu[8] yangu tu, lakini imewekwa ndani kabisa ya mashine za watu.

Kibera iko kati ya namba gani?

Sasa niseme kile ambacho hasa kimenifanya niandike.

Kwa miaka mingi, ukisoma kitu kuhusu Kibera, unaambiwa tuko watu milioni moja, wakati mwingine zaidi. Kisha matokeo ya sensa ya 2009 yakatoka: 170,070. Hizo namba mbili haziwezi kuketi meza moja, lakini zote zimeandikwa kwa vitabu na ripoti bila mkono kutetemeka. Namba ya uongo kuhusu watu haina IndexError. Hakuna skrini inayogeuka nyekundu mtu akisema milioni moja. Watu wanapanga vyoo, madarasa na pesa za misaada, na kimya kinaendelea.

Mwaka huo huo wa 2009 mradi wa Map Kibera ulianza. Vijana wa hapa walitembea vijijini na vifaa vya GPS wakichora njia, shule, zahanati na maji kwenye OpenStreetMap, kwa sababu mpaka hapo ramani ya wazi ilionyesha Kibera kama nafasi tupu. Walianza na swali ambalo mimi nililiruka: hii kitu inaanzia wapi na inaishia wapi?

Jaribu wewe. Olympic iko ndani ya Kibera au nje? Uliza watu watatu pale stejini, utapata majibu manne. Eneo bunge la Kibra, lililopiga kura mara ya kwanza 2013, lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe. Kuna mtaa wenye mageti humo ambao hautawahi kujiita Kibera. Sensa ya 2019 ilitoa 185,777 kwa kaunti ndogo ya Kibra. Mtu akichukua hiyo, atoe 170,070, aposti kwamba Kibera imeongezeka watu 15,707, muulize kama amehakikisha mipaka ni ile ile. Kama hajahakikisha, amefanya kosa langu. Ametoa namba kwa namba bila kuuliza kila moja imesimama wapi.

Mama alinieleza walivyofanya wao. Swali lilikuwa: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti? Saa sita usiku ndiyo ilikuwa mpaka. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo haandikwi. Aliyefariki baada ya hapo anaandikwa. Anasema kuna nyumba aliandika mtu aliyekuwa tayari amezikwa, na familia ikamshukuru. Dijkstra angemwelewa: kila kitu kiko kwenye ule mpaka, na lazima uchoreke kabla hujaanza kuhesabu.

Ninavyofanya sasa

Kwa wale mnaandika skripti, haya ndiyo nimebadilisha.

Moja, kabla ya kuchora naichapisha orodha: urefu wake, kitu cha kwanza, kitu cha mwisho. Makosa mengi ya indeksi hulala kwa hizo ncha mbili.

Mbili, nahesabu nafasi na siyo nguzo. Nguzo nane za ua zina nafasi saba katikati. Sensa nane zina ongezeko saba. Ukipata nane, kuna moja umebuni.

Tatu, lebo na namba yake zinatembea pamoja. Lebo sahihi zilikuwa miaka[1:], kuanzia 1962. Mkitumia zip kuunganisha orodha mbili, jueni nayo hunyamaza moja ikiwa fupi, na huacha zilizobaki. Tangu Python 3.10 unaweza kuiwekea strict=True, na itapiga kelele urefu usipolingana. Wekeni.

Nne, nauliza kama nafasi zinalingana. Kutoka 1948 hadi 1962 ni miaka 14, na kutoka 1962 hadi 1969 ni 7. Nguzo ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, milioni 2.3 dhidi ya 3.2, lakini ukigawanya kwa miaka, kasi ilikuwa imepanda. Grafu mpya nimegawanya.

Tano, kosa likipiga kelele, silizimi kabla sijaelewa linasema nini.

Ile grafu mbaya sijaifuta. Nimeiacha, nikaandika juu yake kwamba ni mbaya, na ya kweli iko chini yake. Mliobishana kuhusu muongo wa 2009, pole, ni mimi. Na kama kuna namba kuhusu mtaa wako ambayo watu wanairudia kila siku, iwe Kawangware au Makina, ilete hapo kwa komenti. Tuiulize lile swali la mamangu: kutoka wapi?